Ziwa Lilipojibu kwa Sauti ya Solanji

Jumanne, mchana. Mvua ya asubuhi imepita, jua limerudi na hasira zake, na mchanga wa Kashikishi unafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Sikufungua kibanda leo. Nimekaa kitandani, mgongo ukutani, na nitaandika mambo kwa mpangilio wake, moja baada ya jingine, maana kichwani yote yamejazana mlangoni na hakuna linaloweza kupita.

Hali yangu ni mbaya. Afadhali niliseme hilo kwanza.

Kwa anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni Odeta. Nina kibanda sokoni, nachaji simu za watu na kuwawekea nyimbo kwenye memori kadi. Tulivuka kutoka Kongo, upande wa Pweto, tukaingia huku Zambia, mimi na Mama na wadogo zangu wawili, Trezo na Solanji. Tulipewa shamba kwenye makazi ya wakimbizi. Trezo aliona mihogo inachelewa, akaja ziwani kutafuta kazi kwenye mitumbwi ya chisense, vile visamaki vidogo vinavyovuliwa usiku kwa taa. Usiku mmoja upepo ukageuka. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye hakufika. Hatukupata mwili, hatukupata hata shati.

Kwetu, mwili usipoonekana, matanga hayaondolewi. Mama hakunyoa nywele, hakuvaa kitenge kipya, hakukubali kurudi shambani. Tukapanga chumba hapa karibu na mwalo, na kila kulipokucha aliteremka pale mitumbwi inapofikia, akasimama maji yakimlamba vifundo vya miguu, akamwita Trezo kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Maneno ni machache. Trezo we, toka. Jua limetoka, wenzako wamerudi. Trezo we, toka majini. Basi. Lakini lile jina alilivuta mpaka pumzi ikamwishia, na ukiwa pale mwaloni na beseni lako unangoja samaki, unajikuta na wewe umeshika pumzi.

Wavuvi huzima injini wanapomsikia. Hakuna aliyewaagiza. Wanasema aliyezama akiwa anaitwa na mama yake huwa anasikiliza, hana muda wa kushika miguu ya watu. Kwa hiyo ile sehemu ya mwisho wanakuja kwa kasia, kimya kimya, hata wale walevi.

Haya yalikuwa maisha yetu. Sikuyapenda, lakini nilijua yalivyokaa.

Sasa Solanji. Yeye ndiye kitinda mimba. Alipokuwa hapa aliimba kwaya, safu ya nyuma, sauti ndogo ya mtu asiyetaka kuonekana. Akaolewa, akaenda Lusaka. Kwa muda mrefu simu zake zilikuwa fupi na kila mara alikuwa salama. Kisha akamwacha yule mwanamume, akakata nywele, akaanza kuimba kwenye baa, baadaye kwenye kumbi. Anaimba soul, muziki wa polepole wenye kinanda na besi nzito, kwa Kiswahili chetu na Kibemba kidogo. Siku hizi anaitwa Sola. Albamu yake ya kwanza ilikuwa ya mapenzi mapenzi tu. Hii mpya, aliyoitoa ziwa likiwa bado limefungwa wavuvi wasivue, ni habari nyingine kabisa.

Kuna wimbo wa mlango uliofungwa kwa nje. Kuna wimbo wa nywele zake zikiwa sakafuni, naye anazifagia mwenyewe, halii. Kuna wimbo anaishukuru miguu yake kwa kumfikisha kituo cha basi. Mimi niliyembeba mgongoni, haya yote nimeyajulia kwenye albamu, pamoja na wateja wangu.

Wimbo wa mwisho ni ule wa Mama.

Niliutambua kabla hajafungua mdomo, kwa vile kinanda kilivyopanda. Hajabadilisha sauti hata moja. Ila pale mahali pa jina, pale Mama anapomwita Trezo mpaka pumzi inaisha, Solanji ameweka neno "mimi". Mimi nimetoka. Jua limetoka, nimerudi mwenyewe. Mimi nimetoka majini. Nyuma yake wanawake wengi wanaitikia na kupiga makofi.

Nilipaswa kukasirika. Nakiri hapa, kwa sababu sina mahali pengine pa kukiri, kwamba sikukasirika. Niliurudia. Nikaurudia tena. Nilijikuta nimesimama katikati ya kibanda, mgongo umenyooka, waya wa simu ya mtu umening'inia mkononi. Kwa muda ule mfupi sikuwa mtoto mkubwa wa mtu yeyote.

Nikaanza kuwawekea watu. Vijana wa mitumbwi hawakuwa na kazi, ziwa limefungwa kama kila mwaka ili samaki wazaliane, walikuwa wanashinda kibandani kwangu. Wakiuliza, "Nani huyu?" najibu, "Mdogo wangu," kana kwamba hiyo sauti nimeipika mimi. Kila aliyekuja kuchaji aliondoka na Sola. Nilichosahau ni kwamba ziwa huwa linafunguliwa, na vijana hao huwa wanapanda mitumbwi, na siku hizi kila mtumbwi una spika.

Ijumaa iliyopita ilikuwa asubuhi ya kwanza ya chisense. Kulikuwa na ukungu mzito, maji na mbingu rangi moja. Wanawake walikuwa wengi na mabeseni yao, wana furaha, wanataniana, maana walikuwa wamekaa sana bila biashara. Nilimsindikiza Mama kwa sababu mchanga ulikuwa unateleza.

Mama aliita mara moja. Akavuta pumzi ili aite tena.

Ziwa likaitika.

Sauti ya mwanamke, wimbo ule ule, ikitoka ndani ya ukungu ambamo hapakuwa na kitu cha kuonekana. Wala hapakuwa na mlio wa injini, kwa sababu vijana walikuwa wamemsikia Mama na wakaizima kama kawaida. Injini waliizima. Spika waliiongeza sauti. Walidhani wanampelekea mama zawadi, sauti ya binti yake, asubuhi ya kwanza ya msimu.

Mama aliingia majini. Hakukimbia, alitembea tu kama mtu anayeenda kumpokea mgeni aliyemwona mbali. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, kitenge kikaelea nyuma yake. Nilimwona uso kwa upande. Sijawahi kuuona uso ule. Labda alikuwa nao kabla sijazaliwa.

"Niko hapa!" alisema, na alikuwa anacheka. "Mi niko hapa, baba! Kuya huku!"

Sikuweza kusogea. Aliyesogea ni Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga, jirani yetu Mbemba anayeanika samaki nyuma ya chumba chetu, mwanamke mnene anayegombana na kila mtu kuanzia asubuhi. Alitupa beseni akamfuata, akamshika kiuno kwa mikono miwili.

"Awe, mayo! Hapana, mama, unaenda wapi? Ziwa haina mulango ya kutokea!"

Ndipo mtumbwi ukatokeza. Chola, ambaye ni mkubwa wao, alikuwa amesimama mbele na spika begani, anachezesha mabega, wenzake wanapiga makofi.

"Mama Sola! Sikia mutoto yako! Tumekuletea!"

Mama alisimama, maji kifuani, Bana Mulenga amemng'ang'ania, na akausikiliza wimbo wote mpaka mwisho. Kila ulipofika mahali pa jina niliona midomo yake inajiandaa kulipokea. Halafu inabaki hivyo, wazi kidogo. Makofi ya kwenye albamu yalipoisha aligeuka akanitafuta kwa macho.

"Nani anatoka?" aliniuliza.

"Ni Solanji, Mama. Ni wimbo wa Solanji."

"Sauti nimesikia, mi niliizaa. Nauliza, nani anatoka?"

Nilimnyooshea mkono.

Alitoka majini mwenyewe, akakamua kitenge, akapanda nyumbani bila kumtazama mtu. Nyuma yetu Bana Mulenga alikuwa ameshamvaa Chola. "We Chola, hayo masikio mama yako alikupatia ya nini? Ya kukaanga?" Na Chola, maskini, karibu kulia: "Lakini injini tulizima, bamayo! Si tulizima?"

Kitu kidogo, lakini nakiandika. Mwaloni hapa alikuwa anaitwa Mama Trezo. Tangu albamu itoke anaitwa Mama Sola. Mimi ndiye niliyemfanya aitwe mama, na hata siku moja hakuna mtu wa mwalo huu aliyemwita Mama Odeta. Sijawahi kulisema hili kwa sauti. Ni wivu, najua. Nimewaonea wivu mtu aliyezama na mtu aliyeokoka.

Jumamosi Mama hakushuka ziwani. Nilimwona amelala chali, macho wazi, anasikiliza. Mitumbwi ilikuja, injini zikazimwa, na nikasikia makasia. Walikuwa wanamngoja. Walikaa hivyo kwenye maji, nadhani, muda mrefu kuliko kawaida.

Alipokunywa chai ndipo aliposema. "Tutoshe matanga." Yaani tuyaondoe, tumalize kilio cha Trezo.

Nilimwambia mwili haujaonekana. Nilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake sheria, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

"Miaka yote niliita mutoto atoke majini," alisema. "Ijumaa mutoto alitoka, bantu bote baliona. Mungu alinipa mumoja. We unataka nimwambie alinipa mubaya?"

Kisha akamalizia chai yake.

Nimejaribu kuliweka hilo mahali fulani moyoni na halikai. Kama angelia ningemshika. Kama angemlaani Solanji ningemtetea Solanji. Lakini amekubali. Na mimi nimegundua kwamba kuna mtu katika nyumba hii ambaye alikuwa anangoja kweli, siku zote, kwamba kuna asubuhi moja kijana atatokeza kwenye ukungu amelowa, anaona aibu. Mtu huyo hakuwa Mama peke yake.

Jumapili baada ya kanisa nilimpigia Solanji. Nilikuwa nimepanga maneno: ule wimbo uuondoe, au angalau urudishe jina. Alipokea kwa furaha, akiniita yaya, yaani dada mkubwa, nyuma yake watu wanaongea, vyombo vinagongana.

"Yaya! Bantu ba kule banasema nini? Mama alisikia?"

Nikamweleza. Nikamweleza ukungu, na maji kifuani, na swali alilouliza Mama. Nadhani alitoka nje, maana vyombo sikuvisikia tena.

"Yaya," alisema, "ile chumba ya Lusaka, we haukuiona. Nilikuwa chini ya maji, mi nakwambia kweli. Sikuwa na maombi, sikuwa na nguvu ya kupiga simu. Kintu moja tu ilikuwa inakuja kichwani, sauti ya Mama pale mwaloni. Anaita, anaita. Trezo hakutoka. Mi nilitoka. Sasa niimbe nini? Niseme uongo?"

Nikamwambia hapana.

"Unakasirika?"

Nikamwambia albamu ni nzuri sana. Ni kweli. Ndiyo taabu yenyewe, kwamba ni kweli. Sikuweza kumwambia mtu aliyetolewa shimoni na kamba kwamba kamba ile ilikuwa ya mwingine.

Jana nilimnyoa Mama. Tulikaa nyuma ya chumba, karibu na vichanja vya Bana Mulenga, na sabuni na beseni na wembe mpya. Alifungua kile kitambaa ambacho hakuwahi kukifungua mbele yangu. Nywele zilikuwa ndefu, zimesokotana, nyeupe kabisa. Niliondoka Kongo na mama mwenye nywele nyeusi, na sikujua zilibadilika lini kwa sababu zilikuwa zimefunikwa na msiba. Nilikata kwanza kwa mkasi, kisha wembe. Machozi yalinitoka yakamdondokea utosini.

"We, usinioshe mara mbili," alisema. "Kichwa ni yangu, we unalia nini?"

Bana Mulenga alicheka huko kwenye samaki wake, akasema kichwa cha Mama kina umbo zuri, kwamba kuna wanaume wilaya nzima ya Nchelenge wangekitafutia kofia. Mama akacheka pia. Nikaona jinsi alivyo mwepesi. Nikamchukia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ndugu wachache walikuja, tukala ugali na samaki, mchungaji akaomba, na kilio cha Trezo kikaisha saa za alasiri kukiwa bado na jua. Watu walikunja mikeka yao. Nilitazama kila mmoja anavyoondoka, nikangoja mmoja wao aseme jina lake mara ya mwisho, hata kwa bahati mbaya.

Hakuna aliyelisema.

Leo asubuhi nimeenda mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisimama pale anaposimama yeye, maji yalikuwa ya baridi, na wanawake wa mabeseni walinitazama. Mitumbwi ilikuwa inaonekana kwa mbali. Nilijua kuimba si kazi yangu, lakini wimbo ule nimeusikia asubuhi nyingi kuliko nilizokula kifungua kinywa. Nikavuta pumzi kama anavyovuta Mama. Nikafungua mdomo nimwite mdogo wangu.

Nikasema "mimi".

Nikaanza upya. Nikafika mahali pale, na neno likatoka tena lenyewe, na kinanda chake kikiwa kichwani, na makofi, na wale wanawake nyuma. Nimeusikiliza ule wa Solanji mara nyingi mno pale kibandani. Umekaa juu ya ule wa Mama na sijui kuuinua. Nililitafuta jina la Trezo ndani ya wimbo kama mtu anayetafuta swichi gizani kwenye nyumba yake mwenyewe, na ukuta ulikuwa mtupu.

Mitumbwi ikaja na injini zake mpaka mchangani.

Mwishowe nilisema tu, bila wimbo, kwa sauti ya kawaida: Trezo. Ilikuwa kama kumwita mtu aliye chumba cha pili. Mvua ilikuwa inapiga maji na sidhani kama nilijisikia hata mwenyewe. Chola alipita na kamba yake begani, akainamisha kichwa.

Nilirudi nimelowa. Mama alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Nikamwomba anifundishe ule wimbo, neno kwa neno, sauti kwa sauti, kabla haujapotea. Sikumwambia kwamba kwangu umeshapotea.

"Ile wimbo?" Aliendelea kupepeta. "Haiko tena kwangu, Odeta. Mi natafuta asubuhi kuiimba moyoni, inakuja ya Solanji." Akapuliza makapi. "Ni muzuri, ya Solanji."

Kwa hiyo hakuna aliye nao. Ndivyo mambo yalivyosimama leo, Jumanne.

Jumamosi Solanji anakuja. Ataimba ukumbini hapa Nchelenge, na amemwekea Mama kiti mbele kabisa. Mama anataka kwenda. Asubuhi hii hii ameniuliza kama kitenge cha kijani kitafaa, au rangi ni ya kelele sana kwa mtu aliyenyoa wiki hii hii. Nimesema kitafaa. Nimekitoa, nimekinyoosha, kiko hapa karibu yangu kwenye kitanda.

Najua Jumamosi itakavyokuwa. Ataacha ule wimbo uwe wa mwisho. Wanawake wote watasimama, walioachwa na walioacha, wajane, wauza samaki, hata Bana Mulenga, na wataimba naye, kwa sababu kila mmoja ana maji yake aliyotoka. Mama atakuwa amesimama pembeni yangu na kichwa chake kipya. Nitakuwa mtu pekee ukumbini anayelitafuta jina lililokuwa pale.

Tukifika pale, mdomo wangu utasema nini?

Naogopa utasema "mimi". Naogopa zaidi kwamba mgongo wangu utanyooka, na kwamba nitafurahi.